Saa ya Azana Niliyoihamishia Sarajevo

Mpendwa Bi Rasema, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana baada ya Jumamosi sijui kama nitakuwa na uso wa kumwonyesha mtu yeyote katika jumuiya yetu ya Wabosnia hapa Borås, na tafadhali badilisha majina yote kwa sababu mama mkwe wangu hakosi kipindi chako cha redio kila Alhamisi saa nane mchana, ila wiki hii amefunga na baada ya adhuhuri usingizi humchukua, kwa hiyo ukinisoma, nisome hapo hapo akiwa amelala.

Mama mkwe wangu nimwite Hasnija, ana miaka sabini na sita na kisukari cha sindano, na mimi ndiye ninayekaa naye mchana kutwa kwa sababu mume wangu Nermin ni dereva wa malori ya Norwe na hurudi Ijumaa kwa Ijumaa. Mwanawe wa kwanza, Sakib, alichukuliwa wakati wa vita akiwa na miaka kumi na tisa, akapandishwa basi mbele ya macho yake kijijini kwetu upande wa Prijedor, na basi lile halikurudi. Mama akaja Sweden na mtoto mmoja badala ya wawili, akangoja miaka ishirini, na katika kungoja huko akaweka nadhiri kwamba siku Sakib atakapopatikana, hata kama ni mfupa mmoja, atafunga siku kumi za kwanza za Muharram kila mwaka mpaka afe, kwa sababu ndio mwezi ambao Mungu alimvusha Musa baharini, na yeye pia alikuwa anaomba mtoto wake avushwe, japo kutoka kwenye shimo mpaka kwenye kaburi lenye jina.

Sakib akapatikana, wakalinganisha damu ya Mama na mifupa, tukaenda tukazika, na Muharram ya mwaka ule iliangukia Novemba. Wewe unajua Novemba ya huku, Bi Rasema, jua linachomoza watu wako kazini na kuzama kabla hawajatoka, kufunga ni kama kusahau kula mchana tu, na Mama alikuwa akicheka anasema, "Mungu kaniona mjane, kanipa siku fupi." Lakini mwezi mwandamo haukai mahali pamoja, kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na sisi hatukuwa tunaangalia, ukawa Oktoba, ukawa Septemba, ukawa Agosti, kisukari nacho kikaingia katikati, na mwaka huu Muharram imetukuta na jua la kiangazi, alfajiri inaingia saa nane na nusu usiku na magharibi ni saa nne na dakika kumi na tatu, yaani karibu saa ishirini bila tone la maji kwa mwanamke anayechomwa sindano kila asubuhi.

Muuguzi wa manispaa, Annika, alimwambia kwa upole asifunge, Mama akaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa adabu zote, akamsindikiza mpaka mlangoni, halafu akanigeukia. "Binti mzuri huyu," akasema, "lakini hakuwepo nilipoahidi." Nikamwambia, "Mama, Mungu hataki ujiue." Akaniambia, "Wewe mwanangu umezaa watoto wawili na wote unawasikia wakipumua. Usiniingilie mimi na Mola wangu."

Siku ya pili ya mfungo, saa kumi na moja jioni, nilisikia kitu kimeanguka bafuni, nikakuta Mama yuko sakafuni, jasho la baridi, macho yamefunguka lakini hayanioni, anaongea na Sakib, anamwambia, "Vaa koti, usishuke kwenye basi bila koti." Nikakimbilia sharubati, akakaza meno, Bi Rasema, hata akiwa hajitambui alikaza meno kwa ajili ya funga yake, nikalazimika kumpenyezea maji ya sukari kwa kijiko pembeni ya mdomo huku nalia, na alipozinduka akaniuliza, "Imekuwaje?" nikamwambia, "Umeteleza, sakafu ilikuwa na maji." Akaniuliza, "Sijaonja kitu?" Nikasema, "Hujaonja kitu." Huo ndio uongo wa kwanza, na nilidhani ndio wa mwisho.

Kesho yake, siku ya tatu, kuanzia saa kumi na mbili jioni mikono yake ilianza kutetemeka tena, na mimi nimesimama sebuleni naitazama ile saa ya azana ya ukutani aliyoletewa kutoka Uturuki, ile unayochagua mji halafu inaadhini yenyewe. Unajua kwamba Sarajevo na huku saa ni moja, hatupishani hata dakika kwenye mshale, ila kule jua linazama mapema, saa mbili na nusu hivi, na huku bado lipo juu ya misonobari. Nikaishusha ile saa kama naifuta vumbi, nikabonyeza, nikabonyeza, Borås ikaondoka ikaja Sarajevo, nikairudisha ukutani. Saa mbili na dakika thelathini na tatu ikaadhini.

Mama akainua kichwa. "Mbona mapema leo?"

Mdomo ukasema wenyewe, nikamsingizia imamu wetu, "Efendi ametoa ruhusa. Wazee na wagonjwa wafuate saa za nyumbani."

Nilitegemea anibishie, maana Mama ni mbishi hata kwa daktari, lakini aliigeuza tende mkononi, halafu akauliza taratibu, "Za nyumbani? Kwa hiyo sasa hivi na kule wanafungua?" Nikasema ndiyo. Akalia. Akasema, "Mungu amlipe efendi. Miaka yote hii nafungua peke yangu, kumbe leo nafungua pamoja na wale wanaokaa karibu na kaburi la mwanangu." Akala supu yake ya bamia yote, akalala vizuri, na asubuhi sukari yake ilikuwa nzuri kuliko siku zote, na mimi shetani akaniambia, unaona?

Tangu siku hiyo, kila jioni naiweka Sarajevo, na akishalala nairudisha Borås ili alfajiri isikosewe. Ningekuwa nimeishia hapo labda ningekuja kutubu kimya kimya baada ya Ashura, siku ya kumi, lakini Mama ana simu, na rafiki yake mkubwa ni Zumra, na Zumra ana simu na mdomo. Siku ya nne Mama akampigia, "Wewe bado unangoja saa nne? Hujasikia ruhusa ya efendi?" Zumra akawaambia wenzake wa darsa ya wanawake, na jana nimehesabu, Bi Rasema, wanawake kumi na mmoja wa jumuiya yetu wanaofunga siku hizi wanafungua kwa saa ya Sarajevo, na mzee Avdo mwenye magoti mabovu ameanza kufunga kwa sababu amesikia imekuwa rahisi, na wote wanamwombea efendi dua, na efendi wa watu yuko likizo Bosnia kwa mama yake, hajui lolote.

Juzi Zumra alikuja kunywa kahawa baada ya kufungua, tumekaa, na saa nne na dakika kumi na tatu simu yake ikaadhini mezani. Zumra akaikodolea macho, "Hii nayo inaadhini nini saa hizi?" Mama akamcheka, "Simu yako imekuwa Mswidi! Haijapata ruhusa." Wakacheka wote wawili mpaka Zumra akapaliwa na kahawa, nami nikacheka nao, na nilipokwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Sasa sikiliza ninachokiogopa, kwa sababu sina wa kumwambia. Naogopa kwamba Mama anazitoa siku hizi kumi kama zawadi kwa Sakib na mimi nimempokonya, zimekuwa njaa tupu, na yeye anajua amezituma. Naogopa kwamba huu ni mwezi mtukufu ambao tumeambiwa dhambi ndani yake ni nzito zaidi, na mimi nimewalisha mchana wanawake kumi na wawili pamoja na yeye, jua linatuangalia dirishani. Jumamosi ni Ashura, tutafungua pamoja ukumbini msikitini, efendi anarudi keshokutwa Ijumaa, Mama anapika sufuria ya hashure, ule uji mtamu wa Ashura, kama kila mwaka, ngano imesharowekwa, na amemfumia efendi soksi za sufu na ameniambia atasimama mbele ya watu wote amshukuru kwa ile ruhusa. Nafumba macho naona uso wa efendi akiuliza, "Ruhusa gani, mama?"

Lakini hofu kubwa kuliko zote ni kwamba nikimwambia ukweli atarudi kwenye saa ishirini na kuzilipa zote siku zilizoharibika, namjua, na safari hii nitamkuta bafuni amechelewa. Nikinyamaza nimemharibia nadhiri, nikisema nimemuua. Nimejaribu mara tatu, jana nilipiga magoti kabisa mbele yake, akadhani natafuta pini. Nimekuandikia namba yangu chini ya barua. Niambie nifanye nini.

Mkwe aliyebonyeza, Borås.

*

Mwanangu, kwanza ujue nimekupigia jana jioni mara tatu, saa moja, saa mbili, na tena saa mbili na nusu. Hukupokea. Saa mbili na nusu najua ulikuwa unafanya nini. Kwa hiyo tutaongea hapa hewani, wewe na mimi na wasikilizaji wote, na uvumilie.

Umefanya kosa kubwa kwa sababu ndogo inayoeleweka. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na moja katika nchi hii, na kijiko kile cha maji ya sukari nakipigia saluti. Ulimwokoa mtu. Nadhiri hata iwe nzito namna gani haimzuii mtu anayekata roho asipewe maji, na hapo ungeweza kumwambia kwa kifua kipana: Mama, ulianguka, nilikufungulisha, umshukuru Mungu uko hai. Angekununia siku mbili. Badala yake ukasema sakafu ilikuwa na maji, na kuanzia hapo ukawa mtu wa kufuta vumbi saa.

Unanieleza habari za hofu yako ya dhambi. Vizuri, iogope, ni hofu yenye akili. Muharram ni mmoja wa miezi minne mitukufu, unaitwa mwezi wa Mungu, na tumefundishwa kwamba baada ya Ramadhani hakuna funga ya hiari iliyo bora kuliko ya mwezi huu, na siku ya Ashura, ukiifunga pamoja na ya tisa, inatarajiwa kufuta makosa ya mwaka uliopita. Funga hiyo ni ya hiari, lakini mama mkwe wako aliifanya wajibu siku alipoweka nadhiri, kwa hiyo usije ukajifariji kwamba ni sunna tu, hata ikiharibika si kitu. Ni kitu. Kwake ni kitu kuliko chote. Ila katika miezi hii hii minne Mungu ametukataza jambo moja kwa namna ya pekee: tusizidhulumu nafsi zetu. Mama anaidhulumu nafsi yake kwa kufunga saa ishirini na sindano mwilini. Wewe unaidhulumu yako kwa uongo. Nyumba moja, wadhulumu wawili, na kila mmoja anadhani anafanya hisani.

Kuna swali hukuniuliza, nami nitalijibu, maana naona umelizunguka. Je, haiwezekani ruhusa ile ikawa ya kweli? Hapana, mwanangu. Jua la Borås linazama. Linachelewa, linatia uvivu, lakini linazama, na linapozama ndipo mfungaji wa Borås anapofungua. Zipo sehemu za kaskazini kabisa ambako halizami, na wanachuoni wana maneno yao juu ya huko. Wewe hukai huko. Unakaa kwenye mji wenye maduka ya nguo na mvua. Wala efendi wako hajasema neno, umemtilia mdomoni maneno ya dini akiwa amelala kwa mama yake, na hilo linanitia hofu kuliko lile la saa. Mtu anaweza kumdanganya mama mkwe na likaishia sebuleni. Ukidanganya kwa jina la imamu, ndani ya siku nne mzee Avdo anafunga.

Sasa tuje kwenye hofu yako kubwa, kwamba ukisema utamuua. Niliwahi kuwa na mgonjwa wodini, mzee wa kwetu, alikuwa akifunga Rajab kwa siri, chai yake anaimwaga kwenye chungu cha maua na sisi tunaandika amekunywa. Mkewe alikuwa anajua. Alinyamaza kwa sababu aliogopa kumkasirisha. Asubuhi moja tulimkuta ameshapoa, na yule mama alinishika mkono akaniambia, "Nilikuwa nangoja wakati mzuri wa kuwaambia." Nakwambia hivi ili ujue kinachoua. Hujui Mama atafanya nini akijua ukweli, lakini akiwa hajui, wewe peke yako na kidole chako kwenye kitufe ndio mnaomweka hai, na siku utakayochelewa kurudi kutoka dukani itakuwaje?

Basi sikiliza, na usiandike, fanya tu.

Utamwambia leo. Sio baada ya Ashura, sio Nermin akifika kesho ili akukingie kifua, leo. Usianze na "nilifanya kwa ajili yako", hilo atalikataa kabla hujamaliza. Anza na bafuni. Mwambie ulivyomkuta, mwambie alivyokuwa akimwambia Sakib avae koti. Halijui hilo. Mwambie kwamba uliogopa kumzika yeye karibu na mwanawe. Halafu ndipo umweleze saa. Anaweza kukupiga kofi, mimi ningekupiga. Lipokee, ukae hapo hapo.

Atakuuliza swali moja tu, nalijua kwa sababu na mimi nina wangu waliolala kule. Atakuuliza, "Kwa hiyo Sakib hakupata kitu?" Hapo usibabaike. Nilivyofundishwa mimi, aliyekula akiaminishwa kwamba jua limezama hana dhambi, atabaki na deni la siku ile tu, na dhambi iko kwa aliyemdanganya. Siku hizo sita, ile ya kijiko na zile tano za Sarajevo, zinalipwa kwa siku nyingine, na tuna Desemba, mwanangu, Mungu ametuwekea Desemba makusudi, siku ambayo hujamaliza kukunja kitanda imekwisha. Daktari akikubali, atafunga Desemba. Daktari akikataa, mgonjwa wa kudumu ana njia yake, kulisha maskini kwa kila siku, na nadhiri yake ya miaka ijayo efendi atamwonyesha mlango wake. Mimi ni muuguzi mstaafu, sio mufti, mwulizeni yeye. Lakini kuhusu Sakib mjibu hivi: mama aliyekaza meno akiwa hajitambui, huyo Mungu hamwambii mwanawe kwamba hakuna kilichofika.

Ukishasema, mpime sukari hapo hapo. Ikiwa chini ya nne, anakunywa sharubati, nadhiri au si nadhiri, na ukitaka mwambie nimesema mimi. Mwite Annika umwambie ukweli kwamba anachomwa sindano ya asubuhi huku amefunga, usione haya, wauguzi tumeona makubwa kuliko hayo.

Na kile alicholilia ile jioni ya kwanza, usimnyang'anye. Hukuelewa ulichompa. Miaka thelathini hajawahi kuketi chakulani kwa wakati mmoja na watu wake. Basi mpe kwa haki: kila jioni saa mbili na nusu mpigie ndugu yake yeyote aliyebaki Bosnia, aweke simu dirishani, Mama aisikie azana ya kwao ikilia kweli kutoka mnara wa kweli. Kama yu mgonjwa, ale wakati ule kwa uso mweupe, kama mgonjwa aliyeruhusiwa, bila kudanganywa na mtu.

Efendi mpigie leo pia, kabla hajapanda ndege. Afadhali aijue kesi yake kwako kuliko kuijua mbele ya sufuria ya hashure. Soksi apewe, hazina kosa.

Wamebaki wale kumi na mmoja. Hapa ndipo utakaponichukia. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, hata la mji. Lakini wanawake wale kesho wanafunga siku ya tisa na keshokutwa Ashura, wengine wao hawataiona nyingine, na hata hii leo bado wana jua la kulingojea mpaka saa nne. Siwezi kuwaacha wafungue mchana ili wewe usione haya. Nilikupigia mara tatu ili nikuombe ruhusa ya kuwaambia, na kwa kuwa hukupokea nimejipa mwenyewe, kama ulivyojipa wewe ya efendi. Nami nitaulizwa kwa hilo, najua.

Kwa hiyo, mabibi zangu mnaonisikiliza, ninyi mlioambiwa kuna saa za nyumbani: hakuna. Hamna dhambi. Ngojeni jua lenu. Mwenye ugonjwa ale na amshukuru Mungu, mzima angoje.

Na wewe mwanangu, sasa hivi ninavyosema kuna bibi mmoja ameweka kisu chake cha kukatia vitunguu, ametoa macho, anaitafuta simu yake chini ya magazeti. Hatanipigia mimi. Mama amelala chumba cha pili, na simu yake iko pale kichwani pake. Mwamshe wewe, kwa mkono wako, asiamshwe na Zumra.